Mbele ya nyumba yangu pamechakaa: nianzie ukutani, barazani au mlangoni?

Mwenye Baraza (mleta mada)

Habari zenu wadau. Ninaomba ushauri kuhusu sehemu ya mbele ya nyumba yangu, ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikipita bila kuitazama, hadi wiki iliyopita nilipokuwa nimesimama ng'ambo ya barabara nikimsubiri mtu, nikaiangalia kwa jicho la mpita njia na kuona haya.

Nyumba ni ya matofali yaliyopigwa lipu, haina ghorofa, na ina umri wa takriban miaka 30. Baraza lina urefu wa mita 4 na kina cha mita 1.8, sakafu yake ni ya zege lililosakafiwa kwa saruji, paa lake limeshikiliwa na nguzo mbili za mbao, na kuna ngazi ya vidato vitatu. Rangi ya ukuta wa mbele inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa magoti, na mahali ilipobanduka kuna unga mweupe unaobaki mkononi ukiugusa. Nimepaka upya mara mbili katika miaka mitatu, na mara zote mbili hali imerudi kabla ya mwaka kwisha. Sakafu ya baraza ina ufa mmoja mrefu unaotoka kwenye ngazi kuelekea kizingitini. Mlango ni wa mbao nzuri, lakini vanishi imepauka na kuchunika upande wa chini, na taa iliyopo ni ndogo kiasi kwamba usiku wageni hutumia tochi za simu kutafuta kengele.

Nimewaza kupaka ukuta wote rangi ya kijivu iliyokolea, kuweka marumaru barazani na kupanda maua zaidi. Jirani amenishauri nitumie rangi isiyopitisha maji ili tatizo la ukuta liishe moja kwa moja. Baada ya miezi mitatu kutakuwa na sherehe ya kifamilia hapa nyumbani, na fedha nilizo nazo hazitoshi kufanya kila kitu kwa wakati mmoja. Je, ningeanzia wapi?

Mwiko na Timazi

Ndugu Mwenye Baraza, umefanya jambo la maana kutaja mahali hasa rangi inapobanduka, kwa sababu rangi inayobanduka juu, karibu na paa, na ile inayobanduka chini, kuanzia usawa wa ardhi, ni wagonjwa wawili wenye maradhi tofauti ingawa wote wanalalamikia ngozi.

Huo unga mweupe ni chumvi. Maji hupanda ndani ya matofali na lipu kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, yakibeba chumvi zilizomo kwenye udongo, matofali na saruji. Yanapofika usoni mwa ukuta hukauka na kuziacha chumvi hizo, nazo fuwele zake zinapokua nyuma ya rangi huisukuma hadi itoe malengelenge na kubanduka. Ndiyo maana ushauri wa jirani, ambao najua ameutoa kwa nia njema, unaweza kukuponza: ukiziba uso wa ukuta, maji hayatakoma kupanda, bali yatatafuta pa kutokea juu zaidi au upande wa ndani, na hapo utakuwa umehamisha tatizo kutoka barazani hadi sebuleni.

Kabla ya kununua hata brashi moja, naomba ufanye ukaguzi ufuatao. Kwanza, tazama kama kuna kitalu cha maua kilichoegemea ukuta huo, kisha upime udongo wake umefikia wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani. Tabaka la kuzuia unyevu kwa kawaida hulazwa kwenye msingi karibu na usawa wa sakafu hiyo, na udongo wa nje unapaswa kuwa chini yake kwa angalau sentimeta 15. Ukilifikia au kulipita, maji huliruka kama mwizi anayepanda ukuta kwa ngazi uliyomwekea mwenyewe. Pili, mvua ikinyesha, toka nje na mwavuli uangalie maji ya paa yanakwenda wapi. Tatu, gonga lipu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu, na popote utakaposikia sauti ya debe tupu uweke alama kwa chaki, maana hapo lipu imeachana na tofali. Nne, chomeka ncha ya bisibisi kwenye kitako cha kila nguzo. Mbao nzima hukataa, iliyooza hupokea.

Kuhusu ufa, piga mistari miwili mifupi ya penseli inayoukata, andika tarehe pembeni, na upime upana wake leo na baada ya wiki kadhaa. Ufa usiosogea ni kovu, lakini ufa unaopanuka, au wenye upande mmoja ulioshuka kuliko mwingine, unahitaji mhandisi autazame kabla ya mtu yeyote kuufunika.

Kazi Haraka

Naona mnamtisha mleta mada bure. Weka marumaru juu ya sakafu hiyo hiyo, ufa hautaonekana tena, paka rangi ukuta, na siku ya sherehe hakuna atakayeinama kukagua magoti ya nyumba.

Mpiga Marumaru

Mchangiaji aliyetangulia aniwie radhi, lakini hii ndiyo kazi ninayoifanya, na kosa hilo nimelifanya nyumbani kwangu mwenyewe kabla sijalifanya kwa mteja, kwa bahati nzuri.

Marumaru iliyobandikwa moja kwa moja juu ya ufa unaocheza hupasuka kwa kufuata mstari ule ule, hivyo badala ya ufa kwenye saruji utakuwa na ufa kwenye kitu cha bei kubwa zaidi. Hata hivyo, si ufa ulioniaibisha mimi. Marumaru yangu ilikuwa na unene wa karibu sentimeta 1, na gundi yake karibu sentimeta 1 nyingine. Nilibandika barazani tu, nikaacha vidato vya ngazi kama vilivyokuwa, na kwa hiyo kimo cha hatua ya mwisho kikaongezeka kwa sentimeta 2. Mtu anapopanda ngazi, mguu wake hujifunza kimo kwenye hatua ya kwanza, na baada ya hapo hainui tena kwa kutazama bali kwa kukumbuka. Katika wiki ya kwanza watu watatu walijikwaa pale pale, mmoja wao akiwa na sinia la vikombe mikononi, na mimi nikawa naeleza kila mara kwamba ngazi ni nzuri ila wao ndio hawatazami waendako. Nilipopima hatimaye kwa futi kamba, nikanyamaza.

Kwa hiyo, mleta mada, pima kila hatua kabla ya kuamua. Kimo cha sentimeta 15 hadi 18 na kina cha kukanyagia cha sentimeta 28 au zaidi kidogo hupandika bila taabu, lakini muhimu kuliko vipimo vyenyewe ni vifanane kutoka hatua moja hadi nyingine. Ukiamua kuweka marumaru, ziwekwe barazani na kwenye vidato vyote, na hatua ya chini kabisa, ambayo ndiyo itakayoongezeka kimo, uisawazishe kwa kuinua kidogo njia inayoifikia. Chagua marumaru zenye uso mkavu na mkwaruzo, kwa sababu zile zinazong'aa kama kioo, ambazo ndizo huvutia macho dukani, huwa telezi zikilowa. Hakikisha pia kwamba baraza linabaki chini kuliko sakafu ya ndani, na kwamba lina mteremko wa sentimeta 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea nje. Kwa kina cha mita 1.8, ukingo wa nje unapaswa kuwa chini kwa takriban sentimeta 2 hadi 3.5 ukilinganisha na ukutani, na kifaa cha pimamaji cha mita moja pamoja na kipande cha mbao kilichonyooka vinatosha kulithibitisha hilo.

Kama saruji yenyewe ni nzima, mimi ningeisafisha, nikaujaza ufa kwa kijazio kinachonyumbuka, na kuiacha bila marumaru. Saruji safi yenye kingo zilizonyooka ina heshima yake, nayo haimwangushi mtu.

Jicho la Mgeni

Mafundi wamesema ya msingi, nami nichangie upande wa macho, kwa kuwa hapo ndipo kulipoanzia haya ya mleta mada. Nimefanya kazi ya kuchora nyumba kwa muda, na ninachowaambia wenye nyumba ni kwamba mtu anayekaribia hatazami ukuta, anatafuta mlango. Kama mlango unaonekana kwa urahisi, njia inayokwenda huko iko wazi, na usiku pana mwanga wa kutosha, basi nyumba imeshakaribisha, hata kama lipu ina makovu. Kinyume chake, ukuta mpya unaozunguka mlango uliofifia hufanana na kanzu mpya iliyovaliwa na kofia iliyotoboka.

Kwa hiyo, taa. Weka moja kila upande wa mlango, au moja upande wa kitasa ikiwa nafasi haitoshi, kwenye kimo cha takriban sentimeta 165 hadi 170 kutoka sakafuni, ili mwanga uguse nyuso za watu badala ya utosi. Chagua zenye ukubwa unaoonekana kutoka barabarani, kwa kuwa taa ambayo mkononi ni kubwa hupotea ikifika ukutani. Balbu ziwe za mwanga wa joto, kati ya Kelvini 2700 na 3000, na zifichwe nyuma ya kioo cha maziwa au kifuniko, kwa sababu balbu iliyo wazi humpofusha mgeni na kumwacha asione kidato kilicho mbele yake. Barazani palipo na paa, taa yenye alama ya IP44 inastahimili marasharasha ya mvua. Namba ya nyumba iwe na tarakimu zenye kimo cha sentimeta 10 au zaidi, za rangi inayoachana waziwazi na ukuta, mahali zinapopata mwanga wa taa hiyo hiyo.

Kijivu kilichokolea sikikatai, lakini nakuomba uanze na kitu ambacho hutakibadilisha, yaani paa. Ikiwa paa lina wekundu au kahawia ndani yake, kijivu chenye ubuluu kitagombana nalo kila siku utakapokuwa ukirudi nyumbani. Paka rangi unayoiwazia kwenye ubao wa sentimeta 60 kwa 60, upake mikono miwili, yaani tabaka mbili, kisha uusimamishe chini ya ukingo wa paa asubuhi, adhuhuri na jioni. Usipake viraka juu ya ukuta wenyewe, kwa sababu rangi ya zamani inayokizunguka kiraka hulidanganya jicho. Kumbuka pia kwamba rangi kwenye eneo kubwa lenye mwanga wa nje huonekana nyepesi kuliko kwenye kikadi cha dukani, hivyo ile unayoiona imezidi kidogo kukolea dukani mara nyingi ndiyo itakayokufaa.

Kuhusu maua zaidi, nasubiri kwanza jibu la swali la kitalu.

Mwenye Baraza (mleta mada)

Nawashukuru sana nyote, pamoja na Kazi Haraka, ambaye kusema kweli alisema kile nilichokuwa nataka kusikia.

Kitalu cha maua kipo, nami ndiye niliyekijenga, miaka minne iliyopita. Nilipima kama nilivyoelekezwa: udongo umelingana kabisa na sakafu ya ndani, na kwenye kona moja umeipita kwa vidole viwili. Nilipoukwangua kwa jembe hadi kina cha sentimeta 20, nilikuta lipu nyeusi, laini, inayokatika kwa ukucha kama sabuni iliyolala majini. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kabla ya kitalu hicho ukuta ule haukuwahi kubanduka hata mara moja. Maua nimekuwa nikiyamwagilia kila jioni kwa bidii.

Juzi mvua ilinyesha nikatoka na mwavuli. Mfereji wa paa unavuja kwenye kiungo kilicho juu ya nguzo ya kushoto, na maji yanateremka na nguzo hadi chini. Bisibisi iliingia kwenye kitako cha nguzo hiyo karibu sentimeta 3 bila kutumia nguvu, ilhali ya kulia ni ngumu kama mfupa. Ufa wa sakafu una upana wa milimita 2, pande zake ziko sawa, na mpaka sasa haujasogea, ingawa ni siku 19 tu tangu nipige mistari. Lipu yenye sauti ya debe imefika kimo cha sentimeta 55.

Swali langu sasa ni hili: nikiondoa udongo leo na kubandua lipu mbovu wiki hii, ukuta utakuwa tayari kupakwa rangi kabla ya sherehe?

Mwiko na Timazi

Hapana, na ni afadhali nikuambie sasa kuliko uambiwe na ukuta mwenyewe baadaye. Kwa makadirio ya mafundi, ukuta uliolowa hukauka kwa kasi ya takriban sentimeta 2.5 za unene kwa mwezi baada ya chanzo cha maji kuondolewa, na ukuta wako bila shaka ni mnene kuliko sentimeta 7.5. Juu ya hapo, lipu mpya ya saruji huachwa kwa takriban siku 28 kabla ya kupakwa rangi, kwa sababu ikiwa mbichi bado ina ukali wa magadi, na rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo hugeuka sabuni na kunata.

Usikate tamaa, kwa sababu kuna njia ya kupita. Ondoa kitalu, shusha udongo hadi uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimeta 15 au zaidi, na uache mteremko unaoyapeleka maji mbali na nyumba. Mahali palipokuwa na maua weka ukanda wa kokoto wenye upana wa nusu mita, ambao pia utazuia matone ya mvua kurusha tope ukutani. Maua yaanzie nje ya ukanda huo, au yakae kwenye vyungu. Bandua lipu hadi sentimeta 30 juu ya mstari wa mwisho wa sauti ya debe, piga chumvi kwa brashi kavu na uizoe, wala usiioshe, kwa sababu maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Uache ukuta upumue wiki zote unazoweza, kisha piga lipu mpya yenye chokaa ndani yake, na kwa siku ya sherehe uipake chokaa badala ya rangi. Chokaa hupitisha mvuke, haina ugomvi na lipu changa, na ikichakaa unaipaka tena kwa asubuhi moja. Itakaa vizuri kwenye lipu mpya tu, kwa sababu juu ya rangi ya zamani haishiki, hivyo piga mstari ulionyooka kwa kamba na uufanye ukanda huo wa chini uonekane kana kwamba umekusudiwa.

Nguzo ya kushoto usiiguse kabla ya kuliinua paa kwa mihimili ya muda. Hiyo si kazi ya mtu mmoja siku ya mapumziko. Ikirudishwa, ikae juu ya kikalio cha chuma kinachoiinua sentimeta 2 au 3 kutoka sakafuni, kwa kuwa mbao hunywa maji zaidi kupitia ncha yake iliyokatwa kuliko kupitia ubavu. Kiungo cha mfereji kizibwe kwanza, la sivyo nguzo mpya itarithi ugonjwa wa marehemu.

Jicho la Mgeni

Ninakubaliana na ukanda wa chokaa, na kwa kuwa sasa chini patakuwa peupe, kijivu chepesi juu yake kitakaa vizuri zaidi kuliko kile kilichokolea. Hicho nacho kisubiri mwakani, ukuta utakapokuwa umekauka, ili upake ukuta mzima kwa mara moja.

Fedha za mwaka huu zipeleke kwenye mfereji, nguzo, taa na mlango. Kwa mlango, ung'oe kwenye bawaba na uulaze juu ya vigoda viwili, kwa sababu vanishi inayopakwa mlango ukiwa umesimama huteremka na kufanya machozi. Ondoa kitasa badala ya kukizungushia utepe wa karatasi wenye gundi. Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, ukianza na namba 80 palipochunika, kisha 120, na umalizie na 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na upake mikono mitatu ya vanishi ya nje, si ya samani za ndani, ukipitisha msasa mwepesi kila baada ya mkono kukauka. Kama fishabodi, yaani mbao za ukingo wa paa, nazo zinahitaji msasa na zina rangi za tangu nyumba ijengwe, usizisugue zikiwa kavu kabla ya kuzipima, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978 na nchi nyingine nyingi baadaye zaidi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Jambo moja la mwisho kuhusu mlango: umesema vanishi imechunika upande wa chini. Ukishaulaza, tazama ukingo wake wa chini kabisa, ule unaoelekea sakafuni. Mara nyingi mafundi hawaupaki kwa sababu hakuna anayeuona, na maji ya kudekia huingia hapo hapo.

Mwenye Baraza (mleta mada)

Nimeulaza leo asubuhi. Ukingo wa chini haujawahi kupakwa kitu chochote, hata alama za penseli za seremala bado zipo.